Aliyepona na Shamba Lake: Historia ya Kuwachungua Upya Waliopona Saratani ya Kinywa na Koo

Katika Kiswahili mgonjwa aliyeinuka kitandani husemwa amepona, na aghalabu neno hilo huwa ndio mwisho wa habari. Jamaa hushukuru, majirani huja kumpa mkono, na jina lake halitajwi tena katika mambo ya maradhi. Kwa magonjwa mengi desturi hii haina ubaya. Aliyepona surua haogopi surua nyingine, na aliyeungwa mfupa hana haja ya kurudi kwa aliyemuunga kila mwaka mpaka kufa kwake. Lakini yapo maradhi ambayo neno hilo haliyatoshi, na miongoni mwayo ni saratani ya kichwa na shingo, yaani ile ishikayo ulimi, ufizi, mashavu kwa ndani, koo na zoloto. Mtu aweza kukatwa uvimbe wake ukaondoka wote, akapata tiba ya mionzi, akaishi miaka mitano bila ya dalili yoyote, kisha akatokewa na saratani nyingine. Wala hiyo si ile ya kwanza iliyorudi. Ni mpya, imezaliwa kwa nafsi yake, pengine katika upande wa pili wa kinywa, pengine katika umio au mapafu.

Jinsi matabibu walivyolitambua jambo hili, na jinsi walivyojifunza kumwangalia aliyepona kama mtu ambaye habari yake bado inaendelea, ni historia yenye mafunzo. Nayo inakihusu kisiwa cha Pemba kwa njia zaidi ya moja, ingawa watu wa Pemba wenyewe hawajazoea kukiona kisiwa chao katika historia ya saratani.

Kabla ya tabibu kuweza kumchungua aliyepona, ilimpasa kwanza aweze kuliona koo la mtu aliye hai. Njia iliyoenea duniani haikutoka kwa tabibu. Manuel García alikuwa mwalimu wa uimbaji, Mhispania aliyefundisha Paris na London. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha mganga wa meno, akakiingiza nyuma ya kinywa chake mwenyewe, akarudisha mwanga wa jua kwa kioo cha pili, akaziona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufumba. Mwaka uliofuata habari hiyo ilisomwa London mbele ya Royal Society. Haja ya García ilikuwa kujua sauti hutoka wapi. Lakini kioo chake kiliwapa matabibu jicho ambalo hawakuwa nalo, na kwa muda wa miaka mia moja kilibaki kuwa chombo cha kwanza cha kutafutia saratani ya koo.

Baada ya jicho ulikuja mkono. Tarehe 31 Desemba 1873, mjini Vienna, mpasuaji Theodor Billroth alilitoa zoloto lote la mgonjwa mwenye saratani. Mgonjwa aliishi, akatengenezewa zoloto la bandia, akaweza kusema tena. Miezi michache baadaye saratani ilirudi, naye akafa. Hivyo mtu wa kwanza kunusurika kwa upasuaji huo ndiye pia aliyeonyesha kwamba kunusurika siku ya upasuaji ni jambo moja, na kubaki salama ni jambo jingine.

Billroth huyohuyo aliuliza swali ambalo tangu hapo halikuondoka: mtu akionekana na uvimbe wa pili, tutajuaje kama ni tawi la ule wa kwanza au ni mti mwingine? Aliweka masharti magumu. Vivimbe viwili viwe tofauti vikitazamwa kwa hadubini, viwe mahali mbalimbali, na kila kimoja kiwe kimetoa mbegu zake chenyewe. Masharti hayo yalikuwa makali mno, kwani vivimbe viwili vya kinywa kimoja huweza kufanana sura na bado kila kimoja kikawa na asili yake. Mwaka 1932, huko Marekani, Shields Warren na Olive Gates walikusanya habari za wagonjwa 1,259 waliokuwa na saratani zaidi ya moja, wakayapunguza masharti: kila uvimbe uwe saratani kwa hakika, kila mmoja uwe umejitenga na mwingine, na pasiwe na sababu ya kudhani kwamba wa pili ni mbegu ya wa kwanza. Kanuni hiyo bado hutumika. Kwa kuweka kanuni, walikubali jambo ambalo awali lilihesabiwa kuwa ajabu, nalo ni kwamba mwili mmoja huweza kuzaa saratani mara mbili.

Kwa nini huzaa mara mbili? Jawabu lilikuja mwaka 1953, na kwa mtu wa Pemba jawabu hilo si geni, kwa sababu limetumia neno la mkulima. Danely Slaughter na wenzake wawili, Southwick na Smejkal, walichunguza Chicago wagonjwa 783 wa saratani ya kinywa na koo. Waliona kwamba takriban mmoja katika kila tisa alikuwa na saratani zaidi ya moja. Wakachukua nyama iliyozunguka vivimbe, ambayo kwa macho ilionekana nzima, wakaitazama kwa hadubini, wakakuta kwamba nayo imeharibika. Wakasema kwamba saratani ya kinywa si doa moja katika ngozi safi. Ngozi yote ya ndani ya kinywa na koo imepata dhara lilelile kwa miaka mingi, ikawa kama shamba zima lililotayarishwa. Uvimbe ni mche wa kwanza kuota, na miche mingine yaweza kufuata. Kumkata mgonjwa uvimbe ni kung'oa mche. Shamba linabaki.

Katika miaka hiyohiyo Unguja na Pemba zilikuwa na habari yao ya shamba. Tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao hilo, na maisha ya watu yalisimama juu ya miti. Kisha ulijulikana ugonjwa ulioitwa kufa ghafla kwa mikarafuu. Mti mkubwa wenye afya ulinyauka majani kwa muda mfupi, ukafa umesimama. Baadaye ikafuata miti iliyo jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu Nutman na Roberts waliuchunguza ugonjwa huo visiwani na kuuhusisha na kuvu liitwalo Valsa eugeniae. Mwenye shamba aliyefiwa na mkarafuu mmoja hakuweza kuukata mti ule akaenda zake kulala. Ilimpasa kuzunguka, kuutazama kila mti uliobaki, na kurudi tena mwezi ujao na mwaka ujao. Mfano huu una mpaka wake, kwa maana kuvu hutoka mti hata mti, na saratani ya pili haitoki katika ya kwanza. Zote mbili zimezaliwa na sababu moja iliyoenea. Lakini wajibu wa mwenye shamba ni mmoja katika hali zote mbili.

Sababu iliyoenea ni ipi? Huko Ulaya na Marekani kubwa zake zilikuwa tumbaku ya kuvuta na pombe, na tangu mwaka 1950, Doll na Hill walipoandika Uingereza na Wynder na Graham Marekani, uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu haukuweza kukanushwa. Kwa kuwa moshi uleule hupita kinywani, kooni na kifuani, ndipo aliyepona saratani ya zoloto akaonekana kuwa katika hatari ya saratani ya mapafu. Katika pwani yetu kuna jambo jingine la kale. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliletewa sahani ya majani ya tambuu na popoo kutoka kwa Sultani, kama ilivyokuwa ada ya kumpokea mgeni mwenye cheo. Tambuu, popoo, katu na chokaa vilikaa katika vijaluba vya mabibi na mabwana wa pwani kwa karne nyingi. Vilitolewa arusini na barazani, na kumnyima mgeni uraibu kulihesabiwa kuwa kumvunjia heshima. Baadaye tumbaku ikaongezwa katika mchanganyiko huo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza mwaka 1985 kwamba tambuu yenye tumbaku husababisha saratani kwa binadamu, na katika tathmini iliyochapishwa mwaka 2004 likasema hivyohivyo juu ya tambuu isiyo na tumbaku, na juu ya popoo peke yake. Alama ya heshima iligeuka kuwa sababu ya maradhi, na mtu asiyeonja pombe maisha yake yote akawa naye amelilima shamba lile.

Haifai kudhani, hata hivyo, kwamba elimu hii yote ilitoka nje na Afrika Mashariki ikaipokea tu. Swali la Billroth, la kujua kama ugonjwa umerudi au umezaliwa upya, lilipata mojawapo ya majibu yake mazuri katika nchi zetu, kwa saratani ya namna nyingine iliyoshika vichwa vya watoto.

Mwaka 1957 mpasuaji Denis Burkitt aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya zote mbili, juu na chini. Muda si mrefu akamwona mwingine Jinja. Akatafuta katika madaftari ya hospitali, akakuta wengi, na mwaka 1958 akaandika habari ya saratani hiyo ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961, pamoja na Edward Williams na Clifford Nelson, alisafiri kwa gari takriban maili 10,000 kutoka Uganda hata Afrika Kusini, akiuliza katika kila hospitali kama wamewaona watoto wa taya kama zile. Ramani aliyoichora ilifuata joto na mvua: ugonjwa ulikuwa mwingi katika nchi za chini zenye unyevu, na haba katika milima mirefu.

Hapa ndipo Pemba inapoingia katika historia ya saratani, nayo inaingia kwa kukosekana. Kwa kanuni ya joto na mvua, Unguja na Pemba zingepaswa kuwa na ugonjwa huo kwa wingi kama pwani ya bara. Lakini ulikuwa nadra. Burkitt aliona sababu yake katika kazi iliyofanywa visiwani tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, pale nyumba zilipopigwa dawa ya mbu katika kampeni ya kuiondoa malaria. Malaria ilipungua sana, na upungufu huo ukawa mojawapo ya hoja zilizomfanya aseme kwamba malaria ndiyo mshirika wa saratani ile. Kampeni ilikoma mwaka 1968, na baadaye malaria ilirudi. Tendo lilizaa faida maadamu lilidumu, na lilipokoma mbu hakungoja. Kila uangalizi wa afya una sheria hiyo.

Saratani ya Burkitt iliwashangaza matabibu kwa jambo la pili. Iliyeyuka kwa dawa. Mtoto aliyeletwa akiwa hawezi kufumba kinywa aliweza, baada ya dozi chache, kurudi kijijini akicheza. Lakini wengine walirudiwa na ugonjwa, na anayerudiwa akiwa mbali hufa bila ya hospitali kujua. Mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, kikiongozwa na John Ziegler. Watumishi wake walitumwa vijijini kuwatafuta watoto waliopona, kuwatazama, na kuwarudisha kituoni ikiwa lazima. Baada ya Idi Amin kutwaa madaraka mwaka 1971 na wageni wengi kuondoka, uongozi ulishikwa na Charles Olweny, Mganda, na kituo hakikufungwa. Katika nchi ambayo barabara zilikuwa mbovu na siku zenyewe zilikuwa za hofu, jina la mtoto aliyepona lilibaki limeandikwa, na mtu alikwenda kumtafuta.

Kwa kuwatunza waliopona ndipo swali la zamani lilipoweza kujibiwa. Peter Clifford, mpasuaji wa kichwa na shingo mjini Nairobi, alipeleka vipande vya vivimbe kwa George na Eva Klein huko Stockholm. Na Philip Fialkow wa Marekani akavipima kwa alama ya kimeng'enya kiitwacho G6PD. Hesabu yake ni nyepesi kuieleza. Msichana aliyerithi aina mbili za kimeng'enya hicho ana seli za namna mbili zilizochanganyika mwilini. Uvimbe uliotoka katika seli moja huwa na aina moja tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walionyesha kwamba saratani iliyorudi mapema ilikuwa na alama ileile ya kwanza, yaani ni masalio yaliyobaki. Na katika iliyotokea baada ya muda mrefu ilionekana yenye alama nyingine, yaani uvimbe uliozaliwa upya. Lile ambalo Billroth alilikisia kwa hadubini lilithibitishwa kwa damu na nyama za watoto wa Afrika Mashariki. Nalo lisingethibitishwa kamwe kama waliopona wangeachwa waende zao na kusahauliwa.

Tangu hapo hesabu zimekuwa kubwa na wazi. Mwaka 2008 zilichapishwa habari za wagonjwa 99,257 wa saratani ya kichwa na shingo kutoka katika madaftari ya saratani 13 ya nchi mbalimbali. Kati yao 10,826 walipata saratani ya pili, na ilikisiwa kwamba katika muda wa miaka 20 hatari hiyo hufikia 36 katika kila 100. Zilizoongoza ni zile za kinywa na koo penyewe, za umio na za mapafu. Hatari haipungui upesi kama ya kurudi kwa uvimbe wa kwanza, ambayo kwa kawaida ni kubwa katika miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Inakwenda nayo mwaka baada ya mwaka, kama moto wa makumbi ambao juu ni majivu na chini unakula. Ni kweli kwamba wale ambao saratani yao ya koo ilitokana na virusi vya HPV, na hawakutumia tumbaku, hatari yao ya saratani ya pili ni ndogo zaidi. Kwa hiyo kujua chanzo cha ugonjwa wa kwanza ni sehemu ya kujua namna ya kumwangalia mtu.

Ilitafutwa dawa ya kulisafisha shamba lote mara moja. Mwaka 1990 Hong na wenzake walitoa habari ya kutia moyo sana: katika wagonjwa 103, waliopewa isotretinoini kwa kiasi kikubwa walipata saratani ya pili 4 katika kila 100, na waliopewa kidonge kitupu 24. Lakini dawa kwa kiasi hicho iliwatesa wengi. Ilipojaribiwa kwa kiasi kidogo katika wagonjwa 1,190, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba haikufaa kitu. Basi mambo yakarudi pale yalipoanzia: kuacha tumbaku na popoo, na kutazamwa mara kwa mara na mtu ajuaye anachokitafuta.

Kutazamwa huko kuna utaratibu wake. Miongozo ya Marekani husema aliyetibiwa atazamwe kila mwezi mmoja hadi mitatu katika mwaka wa kwanza, kila miezi miwili hadi sita katika wa pili, kila miezi minne hadi minane mpaka mwaka wa tano, na baada ya hapo mara moja kila mwaka. Hutazamwa kinywa chote, chini ya ulimi na nyuma ya mwisho wa meno, hupapaswa shingo, huangaliwa koo kwa kioo au kwa mrija wenye mwanga, na aliyechomwa shingo kwa mionzi hupimwa kazi ya tezi ya shingo. Kwa wavutaji wakubwa wa sigara, utafiti wa Marekani wa mwaka 2011 uliohusu watu zaidi ya 53,000 ulionyesha kwamba picha za kompyuta za kifua kwa mionzi kidogo hupunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa 20 katika kila 100. Picha hizo zahitaji mashine. Kinywa hakihitaji. Huko Trivandrum, katika pwani ya Malabar, ng'ambo ya bahari ileile ya popoo, watumishi wa afya waliofundishwa walizunguka nyumba kwa nyumba wakitazama vinywa vya watu kwa macho. Utafiti huo ulihusu zaidi ya watu 190,000, na mwaka 2005 ilitangazwa kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja. Ikiwa jicho na mwanga vimeokoa watu ambao hawajapata kuugua, mtu aliyekwisha kuugua ana haki zaidi ya kutazamwa.

Sasa na turudi Pemba. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pemba aliyehitaji tiba ya mionzi ilimpasa kuvuka bahari hadi Dar es Salaam, kwenye hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wadachi na kufunguliwa mwaka 1897, na iliyofanywa kwa sheria kuwa Taasisi ya Saratani mwaka 1996. Safari ya kwanza ilifanyika kwa vyovyote, kwa sababu maumivu ni mchunga mkali. Ng'ombe aliuzwa, karafuu ziliuzwa, jamaa walichanga. Safari ya pili, ya kwenda kutazamwa na huku mtu haumwi, ndiyo iliyo ngumu. Nani atauza ng'ombe ili akaambiwe kwamba hana kitu? Hapo ndipo kamba inapokatika, wala haikatiki kwa ujinga wa mgonjwa. Inakatika kwa kuwa kuangaliwa kumewekwa upande mmoja wa bahari, na anayepaswa kuangaliwa anaishi upande wa pili.

Walakini Pemba ina historia yake ya uangalizi, na historia hiyo yakanusha kauli kwamba jambo kama hili haliwezekani kisiwani. Mwaka 1986 ulianza mpango wa kupambana na kichocho, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Zanzibar, Shirika la Afya Duniani na Italia. Watoto wa skuli walipimwa mkojo kutafuta damu, wakapewa dawa, wakapimwa tena. Kichocho hicho huweza kuleta saratani ya kibofu, jambo lililothibitishwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani mwaka 1994. Basi mwalimu wa Pemba aliyekusanya vikombe vya mkojo alikuwa, bila ya kujua, akifanya kazi ya kuzuia saratani. Mwaka 2000 ilifunguliwa Wawi, karibu na Chake Chake, Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, na kisiwa kikawa mahali panapojulikana na wataalamu wa dunia kwa utafiti wa nyumba kwa nyumba.

Katika utafiti huo mmoja unastahili kukumbukwa hapa. Pemba ilichaguliwa kuwa mojawapo ya mahali sita duniani, pamoja na Dar es Salaam, Mexico City, Bohol na majimbo mawili ya India, pa kujifunza namna ya kujua sababu ya kifo kwa kuwauliza wafiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Muulizaji alikaa na mjane au mtoto wa marehemu, akauliza: alikuwa na uvimbe? Ulikuwa shingoni? Alimeza kwa shida? Kwa muda gani? Watu walijibu, na walijibu vizuri, kwa kuwa aliyemuuguza mtu huyajua yote. Elimu ile ni ya thamani. Lakini msomaji hawezi kuyasoma maswali hayo bila ya kuona kwamba ndiyo yaleyale ambayo aliyepona saratani ya koo angepaswa kuulizwa kila baada ya miezi michache, angali hai na angali anaweza kuyajibu mwenyewe. Kisiwa kilichojifunza kuwauliza wafiwa hakishindwi kuwauliza walio hai.

Yapo mawili ya kupinga. La kwanza ni kwamba uchunguzi wa mara kwa mara hauna faida kubwa, kwa kuwa wengi wanaopatwa tena hugundulika kwa sababu wao wenyewe wamehisi jambo: kidonda kisichopona kwa wiki tatu, sauti iliyokwaruza bila ya mafua, donge la shingoni, doa jeupe au jekundu shavuni. Hoja hii ni ya kweli, lakini matunda yake ni kinyume cha yanayodaiwa. Ikiwa mgonjwa ndiye mlinzi wa kwanza, basi ni wajibu kumfundisha ulinzi, na kumpa mahali pa karibu pa kupeleka habari siku anapoona kitu. Mlinzi asiye na wa kumwita atafanya nini? La pili ni hofu. Husemwa kwamba aliyepona aachwe afurahie afya yake, asikumbushwe ugonjwa kila mara. Lakini hofu ya mtu asiyejua huwa kubwa kuliko ya mtu ajuaye siku yake ya kutazamwa. Mwenye chombo hasemi kwamba kukipaka sifa na kuziba nyufa zake kila msimu ni kukitabiria kuzama.

Waswahili husema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Historia hii nayo imekwenda mbali, Vienna na Chicago, Kampala na Malabar, na marejeo yake ni mahali padogo sana, yaani daftari moja katika hospitali ya Chake Chake, au Wete, au Mkoani, lenye jina la kila aliyerudi kutoka tiba ya saratani ya kichwa na shingo, tarehe aliyotazamwa, na tarehe ya kutazamwa tena. Na mtumishi mmoja mwenye kurunzi na kioo, ambaye tarehe ikipita bila ya mtu kutokea, atashika njia kwenda kumuuliza nyumbani. García alianza kwa kioo na jua. Watumishi wa Mulago walianza kwa orodha ya majina na barabara mbovu. Mkulima wa karafuu, kabla yao wote, alijua kwamba mti ukifa shambani, kazi ya mwenye shamba ndiyo kwanza imeanza.